Bawabu wa Kompyuta na Daftari la Chama



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mvita ambaye sasa ni mkaazi wa Nyamira kwa ndoa, ametuletea swali ambalo kwa sura yake ni la mafundi, lakini kwa undani wake ni la nyumba. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Daftari lao la michango, nani ametoa, nani amekopa, nani bado anadaiwa, limo ndani ya kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani kwake. Wakati wa likizo kijana wake aliiwekea kompyuta hiyo mfumo wa Ubuntu kando ya Windows iliyokuwamo, kisha akarudi zake chuoni mjini Kisii. Tangu siku hiyo mama akibonyeza kitufe cha kuwashia huletewa skrini nyeusi yenye orodha ya maneno ya Kiingereza, na kabla hajamaliza kuyasoma, kompyuta hujiendea yenyewe mahali asipopajua. Daftari halionekani. Fundi mmoja amemwambia kwamba mashine imeingiwa na kasoro, haina budi ipigwe formati, na malipo yake ameyataja. Siku ya chama kukutana imekaribia. Auliza: je, amana ya watu imepotea?

Jawabu, kabla hatujaingia katika maelezo: haikupotea, na mashine isipelekwe kufutwa. Daftari liko palepale lilipokuwa. Kilichobadilika ni bawabu wa mlangoni, na bawabu huyu huamrishika. Dada yetu akitaka aweza kuishia hapa: aiwashe mashine, na mara tu orodha itokeapo abonyeze kitufe cha mshale wa chini mpaka mstari wenye neno Windows uwe ndio uliong'aa, kisha abonyeze Enter. Atalikuta daftari lake. Yanayofuata ni kwa yule apendaye kujua kwa nini, na kwa nyumba zote ambazo kompyuta ni moja na wenye haja nayo ni wengi.

Wengi wetu hudhani kwamba kompyuta huamka mara moja kama taa. Sivyo. Ikipata umeme, kwanza huamka programu ndogo iliyotiwa na mtengenezaji ndani ya bodi kuu. Zamani iliitwa BIOS. Mashine za miaka hii zina UEFI, ingawa mafundi aghlabu bado huita zote BIOS. Kazi yake ni kukagua viungo: kumbukumbu ipo, kibodi ipo, diski ipo. Ikimaliza, yenyewe haina habari ya daftari wala ya mafaili yetu. Ijualo ni anwani ya bawabu. Humwita, humkabidhi kazi, na yeye ndiye aendaye kuamsha mfumo endeshi, yaani ule ulimwengu mzima wa madirisha na picha tuuonao mbele yetu.

Katika mtindo wa zamani bawabu alipewa nafasi finyu ajabu. Kipande cha mwanzo kabisa cha diski kina baiti 512, na katika hizo maagizo yake yalipewa baiti 446 tu. Zilizosalia zilikuwa za ramani ya migawanyo ya diski na alama ya mwisho. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja, basi aya hii muisomayo isingeenea humo. Ilibidi bawabu huyo awe na msaidizi aliyelala mahali pengine penye nafasi, naye kazi yake ikawa ni kumwamsha msaidizi. Katika UEFI mambo yamekuwa mapana. Umetengwa mgawanyo mdogo wa diski kuwa chumba cha mabawabu, na humo wanaweza kukaa wawili au watatu bila kugombana. Mashine yenyewe hushika orodha ya majina yao, na kila iwashwapo humwita aliye wa kwanza katika orodha hiyo.

Bawabu wa Ubuntu huitwa GRUB. Alianza kuandikwa mwaka 1995 na Erich Boleyn, kisha akaingia katika mradi wa GNU. Uzuri wake ni kwamba hana choyo: akiwa yeye ndiye wa kwanza huonyesha Ubuntu na Windows pamoja, hungoja kidogo, na asiposikia neno la mtu hufungua mlango alioagizwa kuufungua. Windows nayo ina bawabu wake, lakini huyo kwa kawaida hamjui Ubuntu hata kwa jina. Ndiyo sababu kijana, alipoweka mfumo wa pili, GRUB alijipanga mbele. Hilo si hila. Lau angalikaa nyuma, Ubuntu isingalipata wa kuifungulia.

Wenyeji wa Kisii na Nyamira wana mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Mji wa Keroka, ulio katika barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, umepitiwa na mpaka wa kaunti hizi mbili. Soko ni lile lile na mvua inyeshayo ni moja, lakini upande huu ni wa Kisii na upande ule ni wa Nyamira, na serikali mbili hizo zimewahi kuvutana juu ya ushuru wake. Mgeni aliyezoea kushukia upande mmoja, siku atakaposhushwa upande wa pili, huenda asikione kibanda cha ndizi alichokizoea. Hatasema kibanda kimeungua. Atauliza njia. Diski ya dada yetu ni kama mji huo: upande mmoja Windows, upande wa pili Ubuntu, na yeye ameshushwa upande asiouzoea.

Kijana naye tusimlaumu kwa haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, na mashine nyingi za mtumba zilizomo majumbani mwetu hazitimizi masharti ya Windows 11, kwa kuwa hiyo hutaka kichakato cha karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya zamani hana pesa za kununua mpya. Ubuntu hupatikana bure na huenda vizuri katika mashine nyingi za kale. Ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ile ile ya utu wetu. Mwaka huo huo, kwa faida ya msomaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Basi mambo haya si mageni kwa lugha yetu kama tunavyodhani. Kijana ametaka kujifunza, na amefanya kwa ustadi, maana kuweka mfumo wa pili bila kuuharibu wa kwanza hutaka uangalifu. Alilokosa ni moja: amebadilisha mlango wa nyumba na hakuwaambia waingiao kwa mlango huo.

Sasa, bawabu huamrishwa vipi? GRUB huchukua maagizo yake katika faili moja dogo la maandishi, /etc/default/grub, lililo upande wa Ubuntu. Ndani yake mna mistari kadhaa, na kwa nyumba ya kawaida mitatu ndiyo yenye uzito. Lakini kabla ya kugusa mstari wowote, wenye nyumba wakae wakubaliane, kwa kuwa mistari yenyewe si migumu. Ugumu ni kuamua nani awe wa kwanza.

Mstari wa kwanza, GRUB_DEFAULT, husema mlango upi ufunguliwe ikiwa hakuna mtu aliyechagua. Aghlabu mtaukuta umeandikwa 0, na maana yake si kwamba hakuna. Ni mstari wa kwanza wa orodha, kwani GRUB huanza kuhesabu kwa sifuri. Windows ikiwa mstari wa nne katika orodha, nambari yake ni 3. Njia hii ya nambari mimi siipendi, kwa sababu orodha huweza kuongezeka mstari baada ya mfumo kusasishwa, na nambari ile ile ikawa inaelekeza kwingine. Ni bora kuandika jina la mlango lenyewe kama lilivyo katika orodha, herufi kwa herufi, pamoja na maelezo yote yaliyo katika mstari huo, ndani ya alama za kunukuu.

Ipo njia ya tatu ambayo vijana huisifu sana. Badala ya nambari au jina huandikwa saved, na chini yake huongezwa mstari GRUB_SAVEDEFAULT=true. Hapo bawabu hukumbuka mlango uliochaguliwa mara ya mwisho na kuufungua huo huo mara ifuatayo. Kwa mtu aishiye peke yake ni njia njema mno. Kwa nyumba yenye watu wanne ni fitina: kijana ameingia Ubuntu usiku, mama akiwasha asubuhi aikuta Ubuntu, na yeye hana habari ya lililopita usiku. Rai yangu, na kila nyumba ina yake, ni kwamba mlango wa kwanza uwe wa yule abebaye amana ya watu wengine. Mweka hazina wa chama awashe mashine akutane na daftari lake bila kuchagua kitu. Kijana ana macho mepesi na vidole vyepesi. Kubonyeza mshale mara tatu hakutamdhuru.

Mstari wa pili, GRUB_TIMEOUT, ni muda wa kungoja kwa sekunde. Penye mifumo miwili Ubuntu kwa kawaida huweka 10. Kwa mtu aliyezoea ni nyingi. Kwa mama anayeitafuta miwani yake ni chache. Andikeni 30 na nyumba itapumua. Ukiandika -1 bawabu atangoja mpaka mtu aje, hata ikiwa ni siku nzima. Ukiandika 0 huenda asingoje kabisa, na hili lina hatari zake, kwani siku ya kuhitaji mlango mwingine utajikuta unakimbizana na kitufe cha Esc.

Mstari wa tatu ni GRUB_TIMEOUT_STYLE, na hueleza kama orodha ionekane au ifichwe wakati bawabu akingoja. Mkute neno menu. Likiwa ni hidden, orodha huenda isionekane, na mtu akaidhani mashine imeganda.

Baada ya kuandika, kazi haijesha. Faili hilo ni mfano wa barua iliyoandikwa na bado haijapelekwa. Ili bawabu azipate habari hizo hapana budi kutoa amri hii katika dirisha la terminali: sudo update-grub. Mashine itaomba neno la siri, na herufi zake huenda zisionekane zinapoandikwa, msishtuke, zinaingia. Kisha itaorodhesha mifumo iliyoiona. Mtazame kwa makini kama jina la Windows limo. Likiwa halimo, ni kwa sababu matoleo ya karibuni ya GRUB yameacha kutafuta mifumo mingine mpaka yaagizwe; basi ongezeni katika faili lile lile mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, na amri itolewe tena.

Haya yote kijana aweza kumsomea mama yake kwa simu akiwa Kisii na mama akiwa Nyamira, nami naona ni bora iwe hivyo kuliko kuja kuyafanya mwenyewe kimyakimya. Mama ayaandike kwa mkono wake katika karatasi, ayatunze karatasi hiyo pamoja na stakabadhi za nyumba. Na akibonyeza herufi e kwa bahati mbaya orodha ikiwa mbele yake, atatokewa na maandishi mengi ya kutisha. Abonyeze Esc arudi. Lolote libadilishwalo humo ni la kuwashwa kule kumoja tu, halihifadhiwi.

Umeme ni mlango mwingine wa matatizo, na kwa watu wa nyanda za Gusii una uzito wake. Sehemu hizi zina mvua nyingi na radi nyingi, na aghlabu mvua huja mchana ukishageuka, wakati ambao ofisi na maduka yana kazi. Umeme hukatika, hurudi, na hukatika tena. Watu wa Pwani tuliozoea joto na chumvi kula vyuma vyetu hatuna habari ya jambo hili kama walivyo nayo wao. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaamka, yaani baada ya GRUB kufungua mlango wa Ubuntu na kabla ya mfumo kukaa sawa, GRUB wa Ubuntu huwa ameweka alama ya kwamba safari hii haikukamilika. Iwashwapo tena, hata kama orodha mlikuwa mmeificha, ataionyesha na kungoja sekunde 30. Wako waliodhani kwamba radi imeibadilisha kompyuta yao. Radi yaweza kuunguza mashine, lakini haiwezi kuandika orodha. Ni bawabu anayewapa nafasi ya kuchagua njia nyingine iwapo ile ya kwanza ina ubovu. Chagueni mlango wenu, mashine ikae sawa, na alama hiyo itafutika mtakapoingia Ubuntu salama.

Ziko pia kompyuta za mezani ambazo zimepangwa kujiwasha umeme urudipo. Umeme ukirudi saa nane za usiku, mashine huamka peke yake, bawabu hungoja muda wake, hufungua mlango alioagizwa, na asubuhi mama huikuta iko macho. Hakuna mtu aliyeingia nyumbani. Asiyelipenda jambo hilo aweza kulizima katika mipangilio ya bodi kuu, na mpangilio huo kwa kawaida hukaa katika sehemu ya umeme.

Tumetaja mipangilio ya bodi kuu, na hapa ndipo pana onyo ambalo ningeomba lisomwe mara mbili. Kuna kompyuta ambazo diski yake ya Windows imefungwa kwa kufuli ya maandishi ya siri iitwayo BitLocker, na katika mashine mpya huenda ikawa imefungwa bila mwenyewe kujua, tangu siku ya kwanza alipoingiza akaunti yake ya Microsoft. Kufuli hiyo humtazama bawabu. Ikiona kwamba mpangilio wa kuamka umebadilishwa, au ulinzi uitwao Secure Boot umezimwa, hushuku kwamba mashine imeibwa, na huomba ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hana njia ya kulifikia daftari lake, na fundi naye hana. Basi kabla kijana yeyote hajaweka mfumo wa pili, na kabla mtu hajaingia kubadilisha mpangilio wa kuamka, itazamwe kwanza ndani ya Windows kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, ufunguo utafutwe katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, uandikwe katika karatasi, na karatasi isikae ndani ya mkoba wa kompyuta hiyo hiyo. Hapo, na hapo pekee, ndipo mali yaweza kupotea kweli bila ya kitu chochote kuharibika.

Na kabla ya hayo yote, daftari la chama linakiliwe. Flashi moja yatosha. Mashine ikiwa na mifumo miwili au mmoja, ikiwa na bawabu huyu au yule, mweka hazina asiyekuwa na nakala ya pili anatembea na yai mkononi sokoni.

Lipo jambo la kinyume pia. Baada ya Windows kusasishwa, wakati mwingine bawabu wake hurudi kuwa wa kwanza katika orodha ya UEFI, na kijana arudipo likizo haioni Ubuntu yake. Sasa ni zamu yake kudhani amefutiwa. Mama asituhumiwe. Ubuntu ipo, na kinachotakiwa ni kuupanga upya mfuatano wa mabawabu. Kwa mashine za Dell bonyeza F12 mara tu iwashwapo upate kuchagua kwa mara moja, au F2 kwa kuingia katika mipangilio. Kwa nyingi za HP ni F9 na F10. Humo mtaona majina mawili, ubuntu na Windows Boot Manager, na atakayepandishwa juu ndiye atakayeitwa kwanza.

Wengine wakichoka husema: basi tuiondoe hiyo Ubuntu. Ni haki yao, lakini wasianze kwa kufuta mgawanyo wake. GRUB huweka orodha yake na vitu vyake vingine ndani ya mgawanyo huo huo wa Ubuntu. Ukiufuta na yeye akiwa bado ndiye aitwaye kwanza, ataamka akute nyumba yake imebomolewa, na skrini huenda ikaonyesha maneno grub rescue na alama ya kungoja amri, bila orodha yoyote. Watu wengi wamepeleka mashine kufutwa kwa sababu ya maneno hayo mawili. Utaratibu ni kumpandisha kwanza bawabu wa Windows katika UEFI, kuiwasha mashine mara mbili tatu mhakikishe inaingia Windows moja kwa moja, na baada ya hapo ndipo mgawanyo ufutwe. Aliyekwisha kufuta asikate tamaa: aingie UEFI kwa vitufe tulivyovitaja, ampandishe bawabu wa Windows, na atafunguliwa.

Turudi kwa yule fundi, kwani naye ni mtu wa kutafuta riziki, na mafundi wema wako wengi, mjini Kisii na kwingineko. Neno formati limekuwa jepesi mno vinywani. Maana yake ni kufuta utaratibu wa mgawanyo wa diski na kuanza upya, na baadaye kuweka Windows mpya juu ya mahali palipokuwa na mafaili. Kwa diski za zamani za kuzunguka, kilichofutwa huenda kikaokolewa ikiwa hakijaandikiwa kitu juu yake. Kwa diski za kisasa za SSD aghlabu hakirudi. Kwa hiyo yeyote atakayesema mashine ipigwe formati na aulizwe: mafaili yangu utayatoa kwanza, na utayaweka wapi? Akisema hayatoki, mwombe akupe mashine yako. Fundi ajuaye kazi yake huweza kuiwasha kompyuta kwa Ubuntu iliyo ndani ya flashi, pasipo kuweka chochote katika diski, akalifungua fungu la Windows na kukunakilia daftari lako mbele ya macho yako, maadamu halikufungwa kwa ile kufuli.

Na hata dada yetu mwenyewe akiwa ndani ya Ubuntu aweza kulifikia. Afungue programu ya mafaili, atazame upande wa kushoto au chini ya sehemu ya diski nyingine, na fungu la Windows litakuwamo. Akiona kwamba aweza kusoma lakini hawezi kuandika, sababu yake ni kwamba Windows, ikizimwa kwa njia ya kawaida, huwa hailali kabisa; hujiweka nusu usingizi ili iamke upesi, na Ubuntu kwa adabu hukataa kuandika katika nyumba ambayo mwenyewe hajaifunga. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubofya amri ya kuzima upande wa Windows. Hapo italala usingizi kamili.

Limesalia jambo la saa, nalo limeulizwa na wasomaji wawili wengine, wote wakilalamika kwamba kompyuta yao yawaonyesha nyakati za sala zisizolingana na adhana. Windows huichukulia saa ya bodi kuu kuwa ni saa ya hapa nyumbani. Ubuntu kwa kawaida huichukulia kuwa ni saa ya dunia, UTC, kisha huongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Wakikaa pamoja katika mashine moja kila mmoja hurekebisha kwa hesabu yake, na matokeo ni kwamba ukitoka Ubuntu ukaingia Windows huenda ukaikuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili: nje ni saa tisa na nusu alasiri, na kompyuta yasema ni saa sita na nusu, adhuhuri ndiyo kwanza inaingia. Pande zote mbili ziambiwe zitumie hesabu moja. Upande wa Ubuntu amri ni timedatectl set-local-rtc 1, na baada ya hapo saa isahihishwe mara moja upande wa Windows.

Lakini saa ikiwa imerudi nyuma miaka, si saa tatu, ikaonyesha mwaka wa kale ambao watoto walikuwa hawajazaliwa, na tovuti nyingi zikakataa kufunguka, mifumo miwili haina kosa. Ni betri ndogo ya bodi kuu imekwisha, ile iliyo bapa na duara kama sarafu, yenye maandishi CR2032. Huuzwa hata kwa mafundi wa saa. Mashine izimwe na kuchomolewa ukutani, betri ya zamani itolewe, mpya iwekwe upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha tarehe na saa ziandikwe upya katika mipangilio ya bodi kuu. Mkiwa humo, tazameni na mfuatano wa mabawabu, kwa kuwa katika baadhi ya mashine, hasa za zamani, huenda nao umerudi ulivyotoka kiwandani.